Tanzia ya Nyumba ya Kusomea

Kijiji cha Krushkovo kinasoma sana, asije mtu akawadanganya. Kinasoma kila asubuhi, kwa kutembea: kituo cha basi, mlango wa duka, nguzo ya umeme ya pale kisimani, lango la kila nyumba. Kinasoma tanzia. Karatasi yenye fremu nyeusi, picha ya marehemu kakodoa macho, saa na mahali pa kumuaga, basi watu wametosheka, wanaguna, wanapiga ishara ya msalaba, wanakwenda kununua mkate. Kitabu je? Ukimpa mtu kitabu atakuambia macho yanamuuma.

Nedyalka Gospodinova alilijua hilo kuliko yeyote, kwa kuwa ufunguo wa maktaba ulikuwa kwake. Hakuzaliwa nao. Ujana wake aliumalizia kiwandani, katika mji wa jirani, akishona kola za mashati ambayo hakuwahi kumwona mtu akiyavaa. Kiwanda kikafungwa, cherehani zikapakiwa kwenye lori, wanawake wakaambiwa ahsanteni. Mwaka uleule mumewe, Tsanko, akaenda Ugiriki kuchuma machungwa. Msimu mmoja tu, mke wangu. Msimu ukaisha, Tsanko harudi, na habari zikaja kuwa huko ana nyumba na mwenye nyumba pia. Nedyalka alilia wee, kisha akanawa uso, akasema, "Mwacheni ashibe machungwa yake," na hakumtaja tena.

Wakati huohuo mwalimu aliyekuwa akitunza maktaba aliitwa Hispania na bintiye, kwenda kulea mjukuu. Nani achukue ufunguo? Kila mtu akatazama viatu vyake. Mshahara ulikuwa wa kuchekesha, paa lilivuja, na majira ya baridi ilibidi jiko liwashwe alfajiri ili ikifika saa tatu mtu aweze kukaa bila kutetemeka. Nedyalka akasema, "Leteni huo ufunguo, msije mkaupoteza."

Akaanza kusoma kutoka rafu iliyo karibu na mlango, bila kuchagua: ufugaji wa nyuki, magonjwa ya wanawake, vita, mashairi, ujenzi wa madaraja. Alisoma kama mtu mwenye njaa anavyokula, akikasirika kila alipokuta ukurasa umechanwa. Nyumba yenyewe, hiyo chitalishte yao, yaani nyumba ya kusomea ya kijiji, ilijengwa na babu za babu zao. Kila ukoo ulileta mawe yake na boriti yake. Waliijenga kabla hawajapata barabara ya kufika mjini, kwa kuwa waliona barabara inaweza kungoja lakini ujinga haungoji. Hao ndio watu! Siku hizi wajukuu zao wana barabara ya lami na hawana pa kwenda.

Basi mle ndani, karibu na jiko, kijiji kiliishi. Mzee Vlayko, mjane, alikuja kila siku kusoma gazeti kwa sauti na kubishana nalo. Wenye barua za pensheni walizileta ili Nedyalka awafafanulie serikali imewaibia au imewasahau tu. Mama wenye watoto Hispania walikaa mbele ya kompyuta ya maktaba wakiwabusu wajukuu kwenye kioo. Na Yulia, binti wa mtaa wa Waroma, watu wanaobaguliwa kule, alijifunzia kusoma pale, kwenye kiti cha karibu na dirisha. Enzi hizo watu walimwambia Nedyalka, "Wewe, angalia, hawa watakuibia vitabu." Naye akawajibu, "Nitashukuru Mungu. Ninyi hata kuviiba hamtaki." Leo Yulia ni muuguzi huko Pleven, na wale waliosema hivyo humpigia simu kumuuliza dawa za presha.

Sasa sikilizeni maudhi yalivyokuja.

Mwanzo wa Desemba Nedyalka alikwenda ofisini kwa meya wa kijiji, Mladen Karabelov, kuomba kuni za maktaba. Meya ni mtu mnene mwenye maneno matamu, hakatai kitu, na hatoi kitu. Alimwambia, "Tutaangalia, Shangazi Nedyalka, tutaangalia." Nedyalka akaondoka, na alipokuwa anaufunga mlango akaona nyuma ya mlango huo kikaratasi kimebandikwa, upande ambao huonekana tu mlango ukifungwa. Mkutano mkuu wa wanachama wa nyumba ya kusomea. Ajenda: kuifunga maktaba na kukodisha ukumbi. Jumamosi, saa tano asubuhi.

Akarudi ndani bila kubisha.

"Mladen, hiki nini?"

"Ah, hicho. Ni utaratibu tu, Shangazi. Shemeji yangu anataka ukumbi wa harusi. Kijiji kitachangamka."

"Na vitabu?"

"Vitabu kuna watu wa karatasi chakavu, watakuja na lori lao wenyewe, hatutasumbuka. Rafu zitabaki, zinafaa kwa chupa."

"Kwa chupa!"

"Sasa Shangazi, tuseme ukweli. Nani anasoma siku hizi? Kila kitu kipo kwenye simu."

"Kwenye simu yako kuna jiko? Kuna kiti cha Mzee Vlayko? Bibi zetu wasiojua kubonyeza watabonyezewa na nani, na shemeji yako?"

Meya akatabasamu. "Wanachama wataamua. Hiyo ndiyo demokrasia."

Demokrasia, eti! Katiba ya nyumba yao ilisema nusu ya wanachama wasipofika, mkutano usubiri saa moja, kisha waliopo waamue. Na Jumamosi aliyoichagua Mladen ilikuwa Jumamosi ya nguruwe. Kabla ya Krismasi kila nyumba huchinja nguruwe wake, na siku hiyo hata moto ukizuka kanisani, mtu atamaliza kwanza kuosha matumbo. Meya alijua kuwa saa tano wangefika yeye, shemeji yake na mabinamu, na saa sita maktaba ingekuwa imekufa kihalali.

Nedyalka akapita nyumba kwa nyumba. Alianza na Mzee Vlayko, aliyemkuta uani ananoa kisu.

"Jumamosi njoo upige kura. Wanaifunga maktaba."

"Wanaifunga? Washenzi!" Vlayko akatema mate. "Nitakuja. Jumamosi gani?"

"Hii."

Kisu kikasimama juu ya jiwe. "Hii nachinja, Nedyalka."

"Chinja Jumapili."

"Nimeshaita watu. Nguruwe hangoji."

"Vlayko, umekaa kwenye jiko langu miaka yote hiyo. Nimekuvumilia ukigombana na gazeti mpaka majirani wakadhani unanipiga. Leo nguruwe hangoji?"

"Usiniambie hivyo bwana. Wapo wengine watakwenda."

Wapo wengine! Kila lango alilogonga aliambiwa wapo wengine. Bibi Stana, jirani yake, mwenye mtoto wa jicho na ulimi usiochoka, alimkaribisha, akamlisha banitsa, andazi la matabaka lenye jibini, akawalaani Mladen na ukoo wake mpaka babu wa saba, kisha akasema, "Mimi lakini mwanangu siwezi, nani atatengeneza soseji?" Nedyalka alirudi nyumbani mashavu yanamwaka. Si kwa Mladen. Mladen ni mwizi, na mwizi kazi yake ni kuiba. Hasira ilikuwa kwa hawa wema, hawa wanaokukumbatia na kukupa banitsa, halafu wanakuacha uuawe kwa sababu ya soseji.

Kesho yake akapanda basi kwenda mjini, kwa mpiga chapa anayechapa tanzia za vijiji vyote vya pale. Huyo bwana hainui hata kichwa.

"Jina la marehemu?"

"Maktaba ya Krushkovo."

Akaandika. "Umri?"

"Mkubwa kuliko mimi na wewe kwa pamoja."

"Picha?"

Nedyalka alikuwa na picha moja tu ya nyumba ile, na katika picha hiyo yeye mwenyewe amesimama mlangoni na kitambaa chake kichwani, anacheka. Akaitoa. Mpiga chapa akauliza maneno, naye akayatamka kama aliyeyakariri: "Kwa huzuni kubwa na hasira kubwa zaidi tunawatangazia kuwa maktaba yetu itauawa Jumamosi, saa tano asubuhi, ukumbini mwake. Njooni muiage, au mje muizuie. Wauaji: sisi sote."

Kulipopambazuka akazibandika, zote, palepale ambapo kijiji husoma. Kisha akazima simu, akaenda kwa dada yake mjini. Hakuwa na hamu ya kuiona sura ya mtu yeyote wa Krushkovo hadi Jumamosi.

Enhe! Kumbe watu wa Krushkovo hata tanzia hawasomi mpaka mwisho. Waliona fremu nyeusi. Wakaona uso wa Nedyalka. Wakaona Jumamosi, saa tano, ukumbini. Wakatosheka. Bibi Stana, ambaye hakuona hata hayo ila ukungu mweusi wenye kitambaa cha Nedyalka, alipiga ukunga uliowatoa watu madukani. "Jamani juzi tu alikula banitsa yangu! Nimemuua mimi, alikuja akiniomba kitu nikamkatalia!" Wakabisha hodi kwake, kimya. Wakapiga simu, kimya. Wawili watatu waliosoma maneno yote walidhani mpiga chapa amekosea, na mmoja wao akasema ni aibu jinsi siku hizi watu wanavyochapa ovyo.

Na nguruwe wakaahirishwa. Nchi nzima inachinja, Krushkovo visu vimerudi ukutani. Kwa ajili ya maktaba, nguruwe hangoji. Kwa ajili ya maiti, nguruwe anangoja vizuri kabisa, anaongezewa na pumba. Hapo ndipo Nedyalka, aliposimuliwa baadaye, alipoitukana Krushkovo nzima, na mimi simlaumu.

Jumamosi alishuka kwenye basi la kwanza, akaingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, akawasha jiko, akaanza kupanga viti. Alitegemea watu kumi, wakizidi sana kumi na tano. Saa tano kasorobo mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Vlayko na koti lake la harusi, maua mkononi, macho mekundu. Nyuma yake kijiji chote, kwa nguo nyeusi, na sufuria za ngano iliyochemshwa kwa sukari, na chupa za mvinyo wa kumwagia ardhini.

Nedyalka akainuka na kitambaa cha vumbi mkononi. "Mbona mmewahi hivi? Kaeni."

Lo! Mwanamke mmoja alizirai. Bibi Stana akatema mate mara tatu kifuani mwake kufukuza balaa, akamsogelea, akampapasa mashavu kwa vidole, akampiga kofi la bega.

"Mshenzi wewe! Uko hai!"

"Nani aliyewaambia nimekufa?"

"Tanzia!"

"Tanzia ilisema maktaba. Hamkuisoma?"

Hapo kila mtu akawa anamtazama mwenzake. Halafu hasira ikaruka kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Huwezi kukichapia tanzia kitu ambacho hakijafa, ni kuita msiba! Tumeacha nguruwe! Tumelia! Huyu ametucheza shere! Mtu mmoja akasema apelekwe polisi.

Yulia, aliyepanda basi usiku kutoka Pleven bila kubadili sare yake ya kazi, alisimama mlangoni analia na kucheka. "Mnamfokea kwa kuwa hai?" akasema. "Mngeona vizuri zaidi kama angekuwa ndani ya sanduku?"

Wakati huo akaingia Meya Mladen, na shada kubwa la maua lenye utepe ulioandikwa "Pumzika kwa amani." Kufa kufaana: tangu Jumatano alikuwa mchangamfu ajabu. Alikuwa ameshakohoa ili aanze hotuba ya rambirambi, ndipo akamwona Nedyalka. Shada likamtoka mikononi.

"Ahsante, Mladen," Nedyalka akasema. "Liweke pale kwenye rafu zako za chupa. Saa tano imefika. Wanachama wapo zaidi ya nusu. Fungua mkutano."

"Mkutano gani? Watu wamekuja msibani!"

"Tangazo lako limesema saa tano, ukumbini. Langu limesema saa tano, ukumbini. La kwako ulilificha nyuma ya mlango. La kwangu nililibandika panapoonekana."

Kukawa na minong'ono. Wengi walikuwa wanasikia habari ya kikaratasi cha nyuma ya mlango kwa mara ya kwanza, na mtu wa Krushkovo unaweza kumwibia, lakini usimfiche. Shemeji wa meya akajaribu kuzungumzia ajira na watalii na muziki wa kisasa. Yulia akanyoosha mkono aseme, meya akamkata: "Wewe si mwanachama tena, huishi hapa." Yulia akamjibu, "Presha yako umenipigia juzi, Mladen. Hapo nilikuwa naishi wapi?" Watu wakacheka, na kicheko kile kilimwumiza meya kuliko matusi.

Nedyalka ndipo akasema yake, kwa ghadhabu.

"Niliwaendea nyumba kwa nyumba nikiwa mzima. Niliwaambia kwa mdomo huu. Hakuna aliyekuja kwa ajili ya nyumba hii. Mmekuja kwa ajili ya maiti. Babu zenu walibeba mawe haya mgongoni ili ninyi msiwe watu wa kudanganywa na kila mwenye suti, na ninyi mmedanganyika kwa karatasi ya ukurasa mmoja kwa sababu hamkufika mstari wa mwisho! Sikio la kufa halisikii dawa. Haya, nyoosheni mikono. Wanaotaka vitabu viuzwe kwa uzani, wanyooshe."

Ikainuka mikono ya shemeji na mabinamu wawili. Binamu wa tatu alitazama huku na huku, akajikuna kichwa kwa mkono huohuo, akaushusha.

"Wanaotaka maktaba ibaki."

Msitu mzima wa mikono. Bibi Stana alinyoosha yote miwili, akakemewa kuwa anahesabiwa mara mbili, akakataa kushusha hata mmoja. Mladen akaandika matokeo huku kalamu yake inakwaruza karatasi, akatoka bila kuaga, na shada akaliacha.

Basi ikawa sherehe. Ngano ya maiti ikaliwa kwa vicheko, mvinyo ukanywewa badala ya kumwagwa. Likabaki tatizo la maua. Marehemu hupewa maua shufwa, mawili au manne, aliye hai hupewa witiri, moja au matatu, na kila mtu alikuwa ameleta shufwa. Mzee Vlayko akafikiri, akachomoa ua moja kwenye shada lake, akalichomeka kwenye kofia, yaliyobaki akampa Nedyalka kwa heshima zote. Wote wakafuata. Wakambusu, wakamlilia begani, wakamwita mama wa kijiji. Wakaenda nyumbani. Jumapili wakachinja nguruwe.

Jumatatu Nedyalka akawasha jiko alfajiri, akafungua mlango, akakaa. Hakuja mtu. Vlayko alikuwa na soseji. Jumanne hakuja mtu. Jumatano akaja mwanamke mmoja, akachungulia, akasema, "Nimepita tu kuona kama bado uko hai," akacheka sana na mzaha wake, akaenda zake.

Nedyalka alikaa akiutazama mlango uliofungwa nyuma ya yule mwanamke. Ndugu zangu, hasira ya siku ya kikaratasi ilikuwa mchezo. Meya alitaka kuiua nyumba ile kwa kura. Hawa walikuwa wameiokoa kwa kura na sasa wanaiacha ife yenyewe, polepole, kwa upendo, kila mmoja moyo wake mweupe. Akainuka. Akaenda uani, akaleta toroli la kuni, akalifuta, akaanza kupakia vitabu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Vlayko. Alimpa kile kinene cha historia ya vita. "Ulinyoosha mkono," akamwambia. "Ulete huo mkono." Vlayko alikipokea mikono ina mafuta ya nguruwe, akaambiwa akanawe kwanza. Nyumba ya pili, ya tatu, ya kumi. Mwenye kusema hana nafasi aliambiwa, "Jumamosi ulikuwa nayo." Mwenye kusema atakuja mwenyewe kuchagua aliambiwa, "Ulipata siku tatu nzima, sasa nimekuchagulia mimi." Hata lango la Meya Mladen aligonga. Mke wake ndiye aliyefungua, akatazama nyuma kama kuna mtu, akachukua vitabu viwili haraka haraka, akavificha chini ya aproni.

Mwisho akafika kwa Bibi Stana. Toroli lilikuwa limebaki na kitabu kimoja, cha hadithi, kisicho na jalada.

"Mwanangu, mimi macho sina, unajua."

"Najua. Na mikono ulinyoosha miwili."

"Nilinyoosha kwa ajili yako." Bibi Stana alisema hivyo bila aibu yoyote, anamenya kitunguu. "Nilidhani umekufa. Nilipokuta uko hai ningenyoosha na miguu. Vitabu mimi vinanihusu nini? Nani aliwahi kunisomea?"

Nedyalka alitaka kufoka kwamba hakuwaita watu ili apendwe yeye, kwamba si yeye aliyekuwa anauawa, kwamba kijiji kizima hakijaelewa hata chembe. Alifungua mdomo. Kisha lile swali la mwisho likamfikia. Jirani yake wa ukutani! Alimsomea barua za pensheni, alimsomea bili za umeme na maelekezo ya dawa. Kitabu, hata siku moja.

Akavuta kiti kwa kishindo, akakaa, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti kubwa.

"Mbona unanifokea?" Bibi Stana akauliza.

"Nimekasirika!"

"Haya, kasirika." Akasogeza kitunguu na kisu kando, akafuta mikono kwa aproni, akaegemea. "Lakini rudia hapo, huyo msichana alisema nini kwa baba yake? Na usiruke hata neno, maana nakujua."